Pikapu ya Buluu kwenye Fomu ya Enos

Njia ya Kinu, Kaunti ya Tolliver, Missouri
Alhamisi, 24 Januari 2019

Kwa Ofisi ya Mthamini wa Kodi,

Salamu. Mimi ni Lovina Hilty, mjane wa Enos Hilty, aliyefariki tarehe tano mwezi huu. Alianguka zizini na ndoo ya maziwa mkononi, na daktari akasema ni moyo. Nawaandikia kwa sababu fomu yenu ya mali imefika kwa jina lake, na sasa wa kuijaza ni mimi. Miaka thelathini na nne ya ndoa sijawahi hata kuishika. Kila Januari Enos aliijaza mwenyewe, akafunga farasi kwenye kigari, akaipeleka mjini kwa mkono wake, akarudi na unga wa ngano na habari za watu.

Nimeisoma mstari kwa mstari. Farasi wanne ni sahihi, ingawa mmoja ni kilema na siku hizi anakula tu. Ng'ombe tisa ni sahihi. Trela la nyasi ni letu. Lakini chini kabisa mmechapa hivi: "Ford Ranger, pikapu, 2003, buluu."

Sisi ni Waamishi. Mtu wa kanisa letu anaweza kupanda gari la mtu wa nje na kulipa nauli, lakini akimiliki gari anatengwa. Nadhani najua mmekosea wapi. Kaunti hii ina akina Enos Hilty wanne, na hata sisi wenyewe hupokea barua za wenzetu kila wiki. Yuko wangu, yuko Enos Kinu, yuko Enos Kushoto na Enos wa Kilimani. Hao watatu nao ni Waamishi, kwa hiyo hata mkilihamishia kwa mwingine bado mtakuwa mmekosea.

Na nina swali. Mnauliza alikuwa na nini tarehe mosi Januari. Siku hiyo alikuwa hai, alikula sahani mbili za kabichi chachu na kulalamikia chumvi. Je, nimjibie yeye, au nijijibie mimi?

Lovina Hilty


Ofisi ya Mthamini, Jengo la Mahakama, Tolliver
Jumanne, 29 Januari

Mpendwa Bi. Hilty,

Pole sana. Sikuwa na habari kabisa. Nina mwaka wa pili tu kwenye dawati hili, lakini mumeo namkumbuka vizuri, mzee wa kofia nyeusi aliyefunga farasi wake kwenye vyuma vya kuegeshea baiskeli. Mwaka jana nilimwambia, "Mzee, siku hizi fomu inajazwa kwenye kompyuta." Akanitazama, akaniuliza, "Na farasi nao niwalete kwenye kompyuta?" Ofisi nzima ilicheka mpaka mkubwa wetu akatoka kuangalia kuna nini.

Swali lako ni zuri kuliko mengi ninayoulizwa hapa. Kodi hii haijali una nini leo. Inauliza jambo moja tu: tarehe mosi Januari ulikuwa na nini? Ukiuza gari tarehe pili, shauri yako, utalilipia mwaka mzima. Watu hunijia wakifoka kwa ajili hiyo kana kwamba sheria nimeitunga mimi jikoni kwangu. Kwa hiyo unamjibia yeye. Unaandika alichokuwa nacho siku ile, na kusaini unasaini wewe. Saini ni kiapo, na mwisho wa kurudisha ni tarehe mosi Machi.

Kuhusu akina Enos, kompyuta inasema ni Enos wa Njia ya Kinu, yaani wako, si yule Enos Kinu. Lakini kompyuta hii iliwahi kumwandikia mchungaji wa Kibaptisti nguruwe mia mbili, kwa hiyo sibishani na wewe. Fomu za zamani za karatasi ziko chumba cha chini, na funguo anazo Virgil, mtunza majalada wetu, ambaye yuko likizo hadi wiki ijayo. Usisaini kitu kwanza.

Twyla Renfro, karani


Njia ya Kinu
Jumanne, 5 Februari

Twyla Renfro,

Kwetu hatuitani Bibi wala Bwana. Niite Lovina.

Nimeona nikusaidie kazi, nikaenda kwa akina Enos wote watatu. Laiti ningekaa nyumbani. Enos Kinu nilimkuta anapiga kwato msumari. Nikamuuliza kwa upole, "Enos, hivi wewe una pikapu ya buluu?" Akatupa nyundo chini. "Nani kasema? Nitajie jina lake!" Mkewe akatoka ndani, naye akaanza kulia kabla hata hajajua analilia nini. Enos wa Kilimani alifunga mlango taratibu, nikasikia komeo. Enos Kushoto ana miaka themanini na minne. Huyo alicheka hadi akapaliwa. "Lovina," akasema, "ningekuwa na gari ungenikuta hapa? Ningeshawakimbia zamani!"

Sasa maneno yamezagaa. Jana alikuja Shemasi Tobias, ambaye ni ndugu yake Enos wangu. Hakuketi. Alisimama mlangoni na kofia kichwani, akasema kwamba tarehe ishirini na nne Machi tuna ibada ya mashauri, ambapo kila muumini anasema mbele ya wote kama ana amani na kanuni zetu, kabla hatujaishiriki meza ya Bwana. "Kama kuna gari, Lovina, nataka kujua ni la nani kabla ya siku hiyo."

Nikueleze maana yake, usije ukaona ni mambo madogo. Nikikutwa na gari nikashindwa kuachana nalo, nitatengwa. Binti zangu watatu watanipakulia chakula kwenye meza ya peke yangu. Nikiwapa mkate hawataupokea mkononi mwangu. Nina wajukuu saba, Twyla.

Basi tafuta hiyo karatasi. Na ukiwa unatafuta, niambie jambo ambalo limeninyima raha tangu niisome fomu. Farasi wa miaka mitatu hana maana, lakini akifundishwa, akifika mitano bei yake inapanda. Mbona pikapu hiyo mmeishusha thamani kila mwaka? Hakuna anayeifundisha? Na hela zenyewe zinakwenda wapi?

Lovina


Ofisi ya Mthamini
Jumatatu, 11 Februari

Mama Lovina (siwezi kukuita jina tupu, marehemu mama yangu angenizaba kofi),

Nianze na rahisi. Gari likitoka dukani limeshaanza kuzeeka, na hakuna shule litakayopelekwa likawa bora. Tuna kitabu cha bei, kila mwaka tunaangalia linauzwa kiasi gani, kodi inashuka nayo. Pikapu ya mwaka 2003 sasa inadaiwa kodi ndogo, unaweza kuilipa kwa mayai ya wiki mbili. Hela nyingi huenda shule za serikali, kisha barabara, zimamoto na maktaba. Najua watoto wenu wana shule yao wenyewe na bado mnalipa. Mkubwa wetu hupenda kusema Waamishi ndio walipaji bora wa kaunti nzima, halafu anawasahau mpaka mwaka unaofuata.

Sasa yale magumu. Virgil kanifungulia chumba cha chini. Mama Lovina, hakuna kosa la kompyuta. Nimekuta fomu kumi na moja, kuanzia Januari 2008 mpaka Januari mwaka jana, zote kwa mwandiko wa mumeo. Kila mwaka kaandika farasi, ng'ombe, trela, na mwisho kabisa, "Ford Ranger, 2003, buluu." Mwaka mmoja ameandika "buluu" mara mbili, kana kwamba aliogopa hatutaamini.

Nikavuka korido kumuuliza mwenzangu wa ofisi ya kupokea kodi. Akaniambia bila kufikiri, "Yule mzee? Alilipa kila Desemba, na kila mara alitaka risiti mbili." Ya kwanza aliondoka nayo. Ya pili alituomba tuitie kwenye bahasha aliyokuja nayo, imeshaandikwa anwani ya R. Hilty, Sedalia, na kubandikwa stempu, tuitume kwa posta. Alikuwa akiacha na bahasha ya mwaka unaofuata, asije akaisahau. Ya mwaka huu ilikuwa bado kwenye droo ya mwenzangu. Ni mali yako, naiambatisha.

Risiti hiyo ina kazi, nikuelezee. Katika jimbo letu huwezi kupata stika mpya ya namba za gari bila kuonyesha kwamba kodi ya mali imelipwa. Bila risiti gari linakaa uani. Kwa hiyo mtu huyu wa Sedalia, R. Hilty, amekuwa barabarani kwa risiti za mumeo.

R. ni nani? Sitaki kuchokonoa. Hapana, nasema uongo, nataka sana, tangu Ijumaa sijalala vizuri. Lakini kama ni mambo ya mwanamke, nisamehe, maana mfukuaji ni mimi.

Twyla


Njia ya Kinu
Jumatano, 13 Februari

Twyla,

Si mwanamke. Ni Ruben, mwanangu wa pekee wa kiume.

Alibatizwa akiwa na miaka kumi na tisa na akaondoka akiwa na ishirini na mmoja, Oktoba 2007, asubuhi, na mfuko mmoja. Angeondoka kabla ya kubatizwa tungeweza kukaa naye meza moja mpaka leo. Lakini alikuwa ameshakula kiapo mbele ya kanisa, kwa hiyo alitengwa. Wewe utaona ni ukatili. Sisi tunaona ni njia ya kumrudisha mtu, na wengine wamerudi. Wangu hakurudi. Nilidhani aliondoka kwa miguu mpaka barabara kuu na rafiki akamchukua. Sikujua kuna gari. Miaka kumi na moja nimekuwa sijui kama yuko Missouri au yuko wapi, kama ana viatu, kama yu hai.

Na Enos alijua! Alikuwa na anwani. Nilikuwa nikimpasia kofia yake kila Desemba, nikimwambia usisahau unga, naye anakwenda kumtumia mtoto wangu bahasha. Nimemkasirikia, Twyla. Nimekwenda makaburini jana na theluji ile kwa ajili ya kumkasirikia tu, nikasimama pale kama mjinga mpaka miguu ikafa ganzi.

Kibaya ni kwamba hakuvunja kanuni yoyote kwa kumpa. Kanuni inatukataza kupokea kitu kutoka mkononi mwa aliyetengwa, haikatazi kumpa. Alichovunja ni kumiliki gari, akakaa nalo moyoni katika ibada ishirini na mbili za mashauri, mbili kila mwaka, akisema ana amani. Enos, ambaye hakuweza kuficha hata jino likimuuma.

Sasa niambie bila mzaha. Nikikata ule mstari itakuwaje? Na nikiuacha?

Lovina


Ofisi ya Mthamini
Ijumaa, 15 Februari

Mama Lovina,

Nimesoma barua yako chooni kwa sababu sikutaka wenzangu wanione.

Bila mzaha, basi. Ukiukata mstari, pikapu inatoka kwenye hesabu yenu. Kanisani uko salama. Lakini Desemba hakutakuwa na risiti yake, na Ruben hataweza kupata stika. Hati ya gari ina jina la marehemu, kwa hiyo hata kulihamisha hawezi peke yake, atakuhitaji wewe usaini.

Ukiuacha, unakuwa umeapa kwamba mumeo alikuwa na gari, na sasa liko chini yako. Ruben ataendelea kuendesha.

Na kuna hili, ambalo sikutaka kuandika. Fomu hizi si siri, mtu yeyote akiomba anaonyeshwa. Jana alikuja mzee mrefu wa ndevu nyeupe, akajitambulisha kuwa ni Tobias Hilty, akataka kuona fomu ya nduguye ya mwaka huu. Nilimwambia bado haijarudi, na ni kweli. Za zamani hakuziuliza, nami sikumtajia. Alinishukuru kwa adabu, akasimama korido muda mrefu, akaondoka. Sikuweza kuusoma uso wake.

Una wiki mbili. Natamani ningekuwa na fomu nyingine ya kukupa.

Twyla


Njia ya Kinu
Jumamosi, 16 Februari

Ruben, mwanangu,

Umeona mwandiko wa baba yako juu ya bahasha. Bahasha ni yake, barua ni yangu.

Baba yako amefariki. Ilikuwa tarehe tano Januari, zizini, asubuhi, na hakuteseka. Tulimzika tarehe nane. Wanaume walichimba kwa sururu kwa sababu ardhi ilikuwa imeganda. Hukuitwa kwa kuwa hakuna aliyejua pa kukuandikia. Aliyejua ndiye tuliyemzika.

Nimejua habari za pikapu juzi tu, kutoka kwa karani wa kaunti. Sitakugombeza. Nilikuwa na maneno mengi ya kukugombeza, nimeyatunza miaka yote hii, na leo nimekaa na karatasi hii tangu kifungua kinywa na sioni hata moja.

Nimeamua hivi. Mwisho wa mwezi nitaiandika pikapu kwenye fomu, kwa mwandiko wangu, na nitasaini. Ibada ya mashauri ikifika nitasimama niseme kwamba nina gari na kwamba siliachi, kwa sababu mwanangu analihitaji. Watanifanya watakavyonifanya. Najua meza ya peke yake ikoje, niliwahi kumwandalia mtu mwingine aliyetengwa, na hakuweza kumeza. Usinibishie. Wewe endesha tu.

Nakuuliza kitu kimoja, kwa sababu kinanisumbua kama jiwe kiatuni. Kwa nini jina lake? Kwa nini gari lako lilikuwa la kwake?

Mama yako,
Lovina


Sedalia
Alhamisi, 21 Februari

Mama,

Niliona mwandiko wa Baba nikashtuka, kwa sababu Februari si mwezi wake. Bahasha zake huja Desemba. Niliiweka mezani siku nzima nikaenda kazini, nikijiambia labda kodi imepanda. Niliporudi niliifungua nimesimama. Mke wangu akaja kunishika.

Ndiyo, nina mke. Anaitwa Corinne. Tuna msichana wa miaka minne, Hattie. Baba hakuwahi kujua. Sikuwahi kumwandikia hata neno moja, Mama, na nitakueleza kwa nini, halafu ukitaka kunichukia unichukie.

Asubuhi ile nilikuwa nimeshatembea kama maili mbili niliposikia kwato. Baba alikuja nyuma na kigari. Nikadhani kaja kunirudisha. Alisogea tu kwenye kiti. Nikapanda. Badala ya kugeuza, akanipeleka mpaka kwa muuza magari kule njia panda, akashuka, akamwuliza lipi halitamwacha kijana njiani. Alilipa kwa hela za yule jike mwekundu wa farasi, uliyeambiwa aliuzwa kwa ajili ya paa. Leseni nilikuwa nayo, niliipata kwa siri nilipokuwa nikifanya kazi kiwanda cha mbao. Muuzaji akatoa karatasi akaniuliza, "Unaishi wapi?" Sikuwa naishi popote. Kwetu nilikuwa nimetoka, na kwingine sikuwa nimefika. Baba akachukua kalamu akasema, "Anaishi kwangu. Andika kwangu." Ndiyo maana ya jina lake. Halafu akapanda kigari akaondoka, na sikumwona tena.

Desemba ya mwaka uliofuata ikaja risiti ya kwanza. Hakuna barua ndani, risiti tu. Nilitaka kumwandikia tubadilishe hati, mwenyewe nilipe. Nikaogopa kwamba akishabadilisha hatakuwa na sababu ya kunitumia kitu.

Sasa lililobaki ndilo gumu. Usiiandike pikapu kwenye fomu, Mama. Haipo. Machi 2013 injini ilipasuka karibu na Clinton, nikaiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na huyo jamaa hakuuliza karatasi. Sasa naendesha gari jingine, la kwangu, kodi nalipa hapa. Risiti tano za mwisho alizotuma Baba zilikuwa za gari ambalo halikuwepo. Nilijua. Kila Januari nilijua anakaa mezani anaandika "buluu", anaapa uongo bila kujua, na anakwenda kanisani na mzigo wa kitu ambacho kilishayeyushwa. Barua ya mistari miwili ingemtua mzigo huo. Sikuiandika, kwa sababu nilitaka bahasha ya Desemba. Nilikuwa mtu mzima, nina mke, na nilikuwa nikikaa dirishani kumngoja mtu wa posta.

Risiti zote kumi na moja ninazo. Zikitakiwa kwa shemasi nitazileta, nitasema mbele yake kosa ni langu.

Ruben


Njia ya Kinu
Jumatatu, 25 Februari

Twyla,

Fomu hii hapa. Utaona nimeukata mstari wa pikapu, na pembeni nimeandika, "Haikuwepo." Tarehe mosi Januari Enos hakuwa na gari. Alidhani analo. Lilikufa miaka sita iliyopita na mwenye kujua hakumwambia. Hiyo miaka mitano ya mwisho alikulisheni kodi ya bure, na kama kwa kuandika kisichokuwepo kuna faini, nitailipa.

Nimejaribu kumkasirikia Ruben pia, ili mambo yawe sawa kati yake na baba yake. Nimeweza kwa muda wa kukamua ng'ombe wawili.

Farasi kilema nimemwacha kwenye hesabu. Anakula, basi yupo.

Lovina


Ofisi ya Mthamini
Jumatano, 27 Februari

Mama Lovina,

Imepokelewa, imepigwa muhuri, siku mbili kabla ya wakati. Faini hakuna. Tunazo fomu za kumwadhibu aliyeficha gari. Ya kumwadhibu aliyelipia gari ambalo halipo, nimeitafuta kwenye makabati yote, haipo, na Virgil anasema hajawahi kuisikia tangu aajiriwe. Hela za miaka hiyo mitano nazo sidhani zitarudi, labda zimetia kifusi kwenye barabara yenu.

Shemasi wenu alirudi leo mchana. Safari hii fomu ilikuwepo, na sheria inanitaka nimwonyeshe. Aliisoma mpaka mwisho, akaweka kidole kwenye ule mstari uliokatwa. Akaniuliza, "Haikuwepo lini?" Nikamwambia, "Hilo kamuulize shemeji yako." Kama nimekuharibia, nipigie kelele kwa barua, nitastahimili.

Twyla


Njia ya Kinu
Alhamisi, 28 Februari

Ruben,

Mstari nimeukata. Hatuna tena gari, mimi wala baba yako, na Machi ishirini na nne nitasema nina amani na itakuwa kweli.

Usiniandikie tena kwamba nikikuchukia nikuchukie. Ulikuwa unangoja barua ya baba yako. Mimi nimengoja yako miaka kumi na moja, najua kungoja kunavyomfanya mtu. Lakini ungeandika, Ruben! Hata mistari hiyo miwili. Angeanza kutuma kitu kingine, namjua, angekutumia hata hesabu ya ng'ombe.

Mlete Hattie. Mlete na mama yake. Kwa Hattie na Corinne hakuna kanuni inayonizuia, hao hawajaapa chochote, watakula kwa mkono wangu mpaka wachoke. Wewe utakaa meza yako, hilo siwezi kulibadilisha na sitajifanya naweza. Ila nimeshapima, meza ndogo ya jikoni ina kimo sawa na kubwa. Nitazisogeza mpaka nafasi kati yazo iwe ya kupitisha kisu tu, na nitatandika kitambaa kimoja juu ya zote mbili.

Jana jioni alikuja Baba yako mdogo, Tobias. Nilikuwa nimejiandaa. Safari hii aliketi. Nilimweleza yote, farasi jike, muuza magari, risiti, vyuma chakavu, sikuficha hata pale ambapo baba yako anaonekana vibaya. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipomaliza akauliza, "Alijua kwamba gari halipo?" Nikasema hakujua. Akauliza, "Kwa hiyo kila mwaka aliapa kwa moyo safi kitu ambacho si kweli, na kanisani akakaa na hatia ya kitu ambacho hakuwa nacho?" Nikasema ndiyo, miaka mitano. Akasema, "Hilo sijui nilipeleke wapi. Nitamuuliza askofu, naye hatajua." Akasimama, akavaa kofia, akafika mlangoni.

Halafu akarudi. Akaniuliza kama wewe hujambo. Nikamwambia hujambo, una mke na mtoto. Akaniuliza unaishi mtaa gani huko Sedalia, nyumba namba ngapi. Nikamtajia. Akapapasa mifuko yote ya koti, hakupata kitu, akaniomba penseli.

Mama yako